Ndege ya Marehemu Kaka Iko Juu ya Kabati, Mimi Narusha ya Kwenye Kompyuta

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 19 naishi Leicester, Uingereza. Nina mke na watoto wawili. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa Coventry, si mbali na hapa kwa gari. Alifariki Februari, miaka miwili iliyopita.

Kaka alipenda vitu vinavyoruka tangu tukiwa wadogo. Pale Ngamiani alitutengenezea tiara kwa chelewa na karatasi za gazeti, gundi ikiwa ni wali wa jana, tukaenda kuzirusha Raskazone. Huku ugenini akajiunga na klabu ya ndege za rimoti. Majira mawili ya baridi ya mwisho ya uhai wake alijenga ndege yake mwenyewe gerejini kwa mbao za balsa. Bawa lake limekaa juu, mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, mota ni ya umeme, na nje ameivika ile plastiki inayopigwa pasi, nyekundu na nyeupe. Kabla hajairusha, maradhi yakamlaza na hakuinuka tena.

Baada ya arobaini shemeji aliileta kwangu. Alisema, "Shemeji, kaa nayo wewe. Mimi kila nikiingia gerejini nikaiona, siku yangu inaisha." Nilipolitoa bawa ili ndege ipite mlangoni, nikaona pale bawa linapokalia kaka ameandika kwa penseli juu ya ubao: MUIRUSHE. Neno hilo moja, na tarehe. Sijamwonyesha mtu. Nimelibeba kama wasia wake kwangu.

Taabu ni kwamba mimi sijawahi kurusha ndege. Kwa hiyo nilinunua programu ya kujifunzia kwenye kompyuta, RealFlight, pamoja na rimoti yake ya kuchomeka. Ni miezi minane sasa, karibu kila usiku, saa moja au mbili. Nimekuwa mzuri. Naiweka kamera ifuate nyuma ya ndege, naona kila kitu vizuri, na nikitua mara kumi, mara tisa natua salama.

Mwezi Aprili nikanunua kandege kadogo ka povu, nikajisajili kama sheria ya hapa inavyotaka, nikaenda peke yangu asubuhi na mapema kwenye uwanja mmoja wa wazi nje ya mji. Nilikarusha kwa mkono, kakapanda vizuri, kakaenda mbali. Nikakageuza karudi. Kalipokuwa kananijia, bawa moja likalala, nikasukuma kijiti cha rimoti kukanyoosha, kakazidi kulala, nikasukuma zaidi. Nusu dakika haikufika. Bi Mshauri, ndege ilipogonga ardhi kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye pembe ya rimoti, pale ambapo ile rimoti ya kompyuta ina kitufe cha kuanza upya. Nilibonyeza mara mbili kabla sijagundua ninachofanya. Pua ilikuwa imekatika na betri imerukia kwenye nyasi. Mabaki yako kwenye buti la gari, chini ya blanketi. Mke wangu hajui.

Sasa kuna mtoto wa marehemu, ana miaka 15. Wikiendi huja kwangu tukacheza pamoja kwenye kompyuta. Amenipita mbali. Hataki kamera ya kufuata, anasimama pale pale kama mtu aliye uwanjani, anaigeuza ndege chali, anairudisha, anatua. Wiki tatu zilizopita aliniambia, "Baba mdogo, naomba niirushe mimi. Ni ndege ya baba." Shemeji anataka Agosti tukutane wote na ndege iruke siku hiyo. Nilimjibu mtoto asubiri, hatujawa tayari. Akanijibu kwa adabu tu kwamba hilo nimelisema tangu baridi.

Mke wangu anasema nimegeuza msiba kuwa mchezo wa kompyuta. Mama, ambaye yuko Tanga, ananiambia kwenye simu: "Kitu cha marehemu hakichezewi, mwanangu. Itundike ukutani, tumwombee dua." Nami nikiitazama pale juu ya kabati nasikia nimemwangusha kaka, na nikiwaza kuirusha namwona ameanguka kweli.

Niirushe mwenyewe? Nimwachie mtoto? Niitundike? Nisaidie.

Mdogo Mtu, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kaka, Mungu amrehemu, na pole kwa hii miezi minane. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale kidole kilipotafuta kitufe. Nakushukuru kwa kunieleza jambo hilo, maana hata mkeo hukumwambia.

Ngoja nilieleze tatizo lako kama nilivyolielewa, unisahihishe nikikosea. Una ndege moja ambayo haina ya pili. Aliyeijenga hayupo. Mama anataka itulie, mtoto anataka iruke mkononi mwake, shemeji anataka iruke mbele ya wote, na wewe umesimama katikati ukijiandaa kwa mtihani ambao kila ukikaribia unausogeza mbele. Kompyuta ilianza kama njia ya kuufikia uwanja. Ulipoanguka Aprili ikawa mahali pa kujificha. Hapo silaumu. Mtu aliyezika ndugu juzi ana haki ya kutaka mahali ambapo kitu kikivunjika kinarudi kizima.

Nina mkwe, mume wa binti yangu, ambaye amefundisha watu kurusha ndege hizi kwa miaka mingi. Nilimsomea sehemu ya barua yako bila kumwambia unaishi wapi. Nilitarajia aanze na ile ajali. Badala yake alinikatisha kwenye sentensi ya kamera. "Amesema kamera inafuata nyuma ya ndege? Basi ajali yake naijua kabla hujaisoma."

Alinieleza hivi. Ndege inapokwenda mbele yako, mkono wako wa kulia ni bawa lake la kulia. Ikigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unaosahihisha kwa mazoea unaongeza kosa. Ndicho kilichotokea Aprili. Kamera inayofuata nyuma haikufikishi hapo hata siku moja, kwa sababu ndani yake ndege haikujii kamwe. Wewe unasafiri nayo. Kwa hiyo kwa miezi minane ulijifunza kazi ya rubani aliyekaa ndani, na uwanjani ulihitaji kazi ya mtu aliyesimama chini. Mtoto wa kaka yako alichagua kusimama chini. Tofauti yenu haikuanzia kwenye kipaji wala umri.

Wanaofundisha wana mbinu ya zamani kwa hili: ndege ikikuelekea na bawa moja likalala, peleka kijiti upande ule ule wa bawa lililolala, kama unavyouegemeza mgomba uliolemewa na mkungu. Nguzo huwekwa upande unaoinamia. Jaribu usiku huu, kamera ikiwa imesimama chini, na utaona ajabu: pengine utaanguka mara tisa kati ya kumi. Mkwe wangu anasema pia uwashe upepo ndani ya programu na uzime ule ukuzaji wa picha unaoivuta ndege karibu inapokwenda mbali, kwa sababu uwanjani ndege ikienda mbali inakuwa ndogo kama kunguru, na ubavu wake wa juu na wa chini unafanana. Zima na mota angani, utue bila nguvu. Tua ukitokea kulia, halafu kushoto.

Ninayasema haya kwa urefu kwa sababu moja. Umejihukumu kwamba miezi minane ilikuwa bure, na kwamba umemwangusha kaka. Mimi naona umefanya mazoezi mengi kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa karibu kukwambia uirekebishe. Kulikuwa na Mmarekani aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, New York. Mwaka 1929 alitengeneza kisanduku chenye vibawa, kilichoyumba na kuinama kwa mifuko ya hewa kama ile ya vinanda, ili mtu ajifunze urubani bila kuondoka ardhini. Mwanzo wanunuzi wakawa wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa katika hali mbaya ya hewa, na hapo likanunua visanduku sita. Kilichonivutia katika habari hiyo ni meza. Pembeni ya kisanduku palikuwa na meza ya mwalimu, anaona kila anachofanya mwanafunzi na anasema naye. Mwanangu, chumbani kwako meza hiyo haipo. Na Aprili ulikwenda uwanjani peke yako, alfajiri, mahali pasipo watu. Naomba uniruhusu nikuulize: ulitaka nani asikuone?

Sasa nije kwenye lile neno la penseli. Umeniandikia kwamba umelibeba kama wasia wake kwako. Lakini kaka yako hakuandika "uirushe". Aliandika "muirushe". Sisi wa pwani hatumwambii mdogo wetu mmoja "m". Huenda aliandika haraka, huenda alikuwa na watu wengi akilini, mke, watoto, wenzake wa klabu, hata mama. Siwezi kumsemea marehemu, na neno moja kwenye ubao si wasia wa kufungua na kusoma mbele ya kadhi. Ila ni neno la watu wengi, na kwa muda huu wote limeonwa na mtu mmoja.

Linalofuata ni gumu kidogo, na ninalisema kwa upendo. Hii ndege ni ya nani? Kama kaka yako angekukabidhi mkononi akiwa hai, ingekuwa zawadi yako. Kwa maelezo yako, ililetwa na shemeji baada ya arobaini, akakwambia ukae nayo. Nyinyi ni watu wa dini, unajua mirathi inavyogawiwa: mjane ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mama ana sudusi yake, yaani moja ya sita, kilichobaki ni cha watoto, na marehemu akiwa na mtoto wa kiume, ndugu hapati. Ukiwahesabu wote walio kwenye barua yako, mama, shemeji, kijana, wewe ndiye usiye na fungu. Sisemi hivi kukupokonya. Ulichopewa ni amana, na mwenye amana ana heshima kubwa. Lakini pengine uzito unaokulemea ni wa kuamua peke yako jambo ambalo si lako peke yako. Je, ungelala vizuri zaidi kama ungeambiwa kwamba hukuwa umetakiwa kuamua?

Tutazame njia zenyewe.

Kuitundika. Usiipuuze kwa kuwa imetoka kwa mama na mama yuko mbali. Yeye amempoteza mtoto, na anachokiona akilini si plastiki nyekundu, ni mwanawe akivunjika mara ya pili. Ukutani ndege haitadhurika. Hatari yake ni kwamba kijana ataipita kila wikiendi akijua aliomba akanyimwa, na wewe utaipita ukijua lile neno liko chini ya bawa. Wapo wanaoishi vizuri na vitu vya namna hiyo ukutani. Wapo ambao huishia kutoingia chumba hicho. Wewe unajijua ni yupi. Na mama, umewahi kumwambia kwamba kaka aliandika? Nadhani sauti yake kwenye simu inaweza kubadilika, au isibadilike, ila atakuwa anasema akijua unalojua.

Kuirusha mwenyewe. Hapa mkwe wangu alikuwa mkali, na nampa nafasi. Ndege iliyojengwa kwa mkono na haijaruka hata mara moja, hakuna anayejua tabia yake. Inaweza kuvuta upande, inaweza kuinua pua. Klabuni ndege ya namna hiyo hukabidhiwa mrushaji mzoefu kwa safari ya kwanza, aisawazishe, ndipo mwenyewe aishike. Hata mabingwa humwita mwenzao asimame pembeni. Kwa hiyo wazo la kwamba wewe au mtoto lazima mfanye safari ya kwanza, bila mtu, mbele ya familia nzima siku ya Agosti, ni wazo ambalo naona limeingia kimyakimya na hakuna aliyelihoji. Nani alilisema? Shemeji alisema iruke siku hiyo. Hakusema ndiyo iwe mara ya kwanza.

Kumwachia kijana. Ana uwezo wa mikono, hilo umelikiri. Ana haki, kama nilivyosema kwenye mirathi. Ninachokihofia si ndege. Kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kutembea uwanjani kuokota vipande, akaivunja ndege ya baba yake machoni pa mama yake, anaondoka na mzigo ambao wakubwa tutamwambia si kitu na yeye hatatuamini. Kwenye kompyuta anaigeuza chali kwa sababu hakuna kinachopotea. Upande wa pili, akikatazwa mpaka aache kuomba, huo nao ni mzigo, tena hauonekani. Wewe peke yako katika familia unajua inakuwaje kuanguka kweli. Yeye hajui kwamba unajua, kwa sababu ushahidi uko chini ya blanketi kwenye buti la gari.

Ipo na njia ya kati, ambayo mkwe wangu ameifanya na wengi. Rimoti mbili huunganishwa, kwa waya au bila waya. Moja anashika mwalimu, nyingine mwanafunzi. Mwalimu akishikilia swichi, ndege iko kwa mwanafunzi. Akiiachia, imerudi kwake papo hapo. Watu wazima hujifunza hivyo, na watoto vilevile. Mnaweza kuanza na ndege ya klabu, hata na ile ya povu ukiiunga pua, mpaka mikono yenu wote wawili itulie. Chama cha warushaji cha huko, BMFA, kilichokuwepo tangu 1922, kina cheti cha A: kupaa, kuchora namba nane angani, kuzunguka uwanja, kutua, na kutua tena kana kwamba mota imezimika. Wanachama wake wana bima mtu mwingine akidhurika. Kijana anaweza kupata namba yake ya mrushaji kwa mtihani mfupi wa mtandaoni. Namba ya mmiliki, inayobandikwa kwenye ndege, lazima iwe ya mtu wa miaka 18 au zaidi. Njia hii nayo ina gharama yake. Ni ya polepole, Agosti inaweza kufika hamjamaliza, na itakubidi usimame mbele ya watu wengine ukiwa mwanafunzi. Kwa mwanamume wa miaka 47 aliyekwenda uwanjani alfajiri asionekane, najua hilo si dogo. Lakini klabu aliyokuwa kaka yako bado ipo? Huko kuna watu waliosimama naye Jumapili baada ya Jumapili. Pengine yupo aliyemwona akiikata ile balsa. Umeshawahi kuwapigia?

Na mkeo, aliyesema umegeuza msiba kuwa mchezo. Neno lake limekuchoma, nimeona. Ila yeye anajibu anachokiona: mgongo wako mbele ya kioo kila usiku. Hajaiona pua iliyokatika. Mtu hawezi kukuhurumia kwa jambo ulilomficha.

Vyovyote mtakavyoelekea, itazamwe ile ndege na anayejua. Betri ya lithiamu iliyolala miaka miwili msiichaji. Ipelekwe panapopokelewa betri chakavu. Bawaba zote za vipande vinavyogeuka kwenye bawa na mkia zivutwe kwa vidole, muone kama gundi bado imeshika. Uzito usawazishwe, kwa ndege ya namna hiyo kwa kawaida ikiinuliwa kwa vidole chini ya bawa, mahali kati ya robo na theluthi ya upana wake kutoka mbele, ikae sawa au ishushe pua kidogo. Kazi hizi kijana anaweza kuzifanya nawe mezani hata wiki hii, pasiwe na uamuzi wowote wa kurusha. Kompyuta haina mahali pa kuzifundisha.

Siku mtakapoiteremsha kutoka kabatini, fikiria kama ungependa yeye ndiye atoe bawa. Utakuwa umeshaamua kama unataka aone kilichoandikwa, na kama mama yake awepo. Kama bawa limefungwa kwa mipira, kama ndege nyingi za kujifunzia, msiirudishie ile ile. Mkwe wangu anasema mpira uliokaa miaka miwili hukatika ukiuvuta, na ukikatika unachapa vidole. Nunueni mipya, na mtakapomaliza uniandikie.